Kwenda Kenya: Umaskini wa Kaskazini na Mizizi Yake

Mabibi na mabwana, zamani msafiri aliyetoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuelekea Nairobi aliaga kwa kusema, "Naenda Kenya." Alikuwa raia kama sisi, ila alijua kwamba nchi yake ilianzia Isiolo, pale lami ilipokomea.

Tumezoea kuulaumu ukame. Ukame upo, na unaua mifugo, lakini hauamui barabara ipite wapi. Mkoloni alilifunga eneo la kaskazini, mtu akawa haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, yaani waraka wa sera ya serikali, ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, kwa hoja kwamba mavuno ya huko yangekuja kuwafaa na wengine. Kwa kuwa reli na umeme vilikuwa vimekwisha kuwafuata walowezi, mwenye nacho akaongezewa. Nusu karne baadaye, takwimu za serikali za 2015/16 zilionyesha umaskini wa asilimia 79.4 Turkana na 77.6 Mandera, ilhali Nyeri ulikuwa 19.3 na Nairobi 16.7.

Tulitazame lori la mbuzi kutoka Moyale kabla ya lami. Hadi Isiolo ni takriban kilomita 500 za mawe na vumbi, mwendo wa siku kadhaa, watu wakiwa wameketi juu ya vyuma na kushuka kila mara kumwinua mbuzi aliyeanguka asikanyagwe na wenzake. Mnyama alifika amekonda, mwingine hakufika kabisa. Hasara hiyo mchuuzi alikuwa amekwisha kuikata kwenye bei aliyompa mfugaji, kwa hiyo aliyelipia ubovu wa barabara ni yule ambaye hakupanda lori. Naomba tulishike hilo, kwa sababu ndivyo umaskini wa eneo unavyoingia katika boma la mtu mmoja.

Katiba ya 2010 ililikiri kosa hili. Iliunda kaunti 47 na Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu asilimia ya mapato yanayokusanywa na serikali kuu kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Lakini fedha hizo zilikwama kwa miaka mingi huku serikali kuu na kaunti zikivutana kuhusu nani azisimamie, na hazina yenyewe ilipewa miaka 20 tu. Bunge lina uwezo wa kuurefusha muda huo, nami nasema liurefushe, na miaka iliyopotea katika mvutano isihesabiwe dhidi ya watu wa kaskazini.