Punda wa kwanza tulimuua kwa huruma

(Haya niliyaongea mbele ya vijana wanaotaka kujiunga na kikundi chetu cha kujitolea, hapa Mwanza. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nikirukaruka mtanisamehe.)

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi, na wale wa nyumbani kabisa, mwangaluka. Kabla sijafika mbali nimjibu kwanza yule kaka aliyenishika pale mlangoni akaniuliza, dada si mlisema mnaokoa farasi? Hapana kaka yangu, punda. Farasi huku kwetu utamtafuta mpaka uchoke, na sababu sio hela tu. Mbung'o wanammaliza, alafu kuna ugonjwa unaitwa kabisa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unasambazwa na vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma usiku, farasi asiyechanjwa akiupata mara nyingi ndio basi tena, wakati punda anaupata na kesho unamkuta na madumu yake barabarani. Kwahiyo kanda ya ziwa mzigo wetu umebebwa na punda.

Ila nisiwadharau watu wa farasi, maana nusu ya tunachokijua tumekiokota kwao. Kuna mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo mwaka 1930 akakuta farasi wa jeshi la nchi yake, wale walioachwa na kuuzwa baada ya vita kuu ya kwanza, sasa wamezeeka wanavuta mikokoteni ya mawe huku mbavu nje. 1931 akaandika barua kwenye gazeti la London, watu wakachanga, akanunua kama farasi 5,000 hivi. Watu wakisimulia hii habari huwa wanaishia hapo, wanapiga makofi. Mimi kinachonishika ni kinachofuata: wengi wa wale farasi hakuwaponya, walikuwa wameisha kabisa, aliwapa siku chache za kula na kulala kwenye majani alafu akawapumzisha bila maumivu. Na 1934 akafungua hospitali ya bure pale pale Cairo kwa wanyama wa watu maskini, kwa sababu ukishanunua farasi wa mtu masikini na kuondoka, kesho ananunua mwingine, na mkokoteni ni ule ule.

Hilo sisi hatukulijua tulipoanza. Sisi tulianza na huruma.

Punda wetu wa kwanza alikuwa jike, tulimkuta Kisesa pembeni ya barabara ya Musoma, mwezi wa kumi, nyasi zimekauka zote, mbavu zake unazihesabu ukiwa ndani ya daladala na mgongoni kidonda kimeliwa mpaka cheupe kinaonekana. Mwenyewe alikuwa ameshamwachia azurure. Tukaenda kwa mwenyekiti, tukaandikishana, tukampakia kwenye kirikuu mpaka Usagara kwa mwenzetu mwenye eneo. Tulikuwa watu saba na hakuna aliyekuja mikono mitupu, mmoja pumba debe zima, mwingine mahindi, mi mwenyewe nilinunua mashudu ya pamba tena nikasema wekeni mengi. Alikula jamani! Alikula mpaka tukapiga picha tukarusha wasap, watu wanatuma mioyo. Siku ya pili kala. Siku ya tatu miguu ikaanza kutetemeka, siku ya nne asubuhi tumemkuta kalala ubavu, jioni hayupo.

Hatukumpiga wala hatukumbebesha kitu, tulimlisha tu.

Daktari wa mifugo aliyekuja kutuangalia (sio kwa upole, alitusema vizuri) alitueleza hivi. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu mwili wake unaacha kutegemea wanga, unaanza kujila wenyewe, mafuta kwanza alafu nyama. Madini ya ndani yanapungua huku damu bado inaonekana iko sawa. Sasa wewe ghafla unamwaga pumba na mahindi, sukari inapanda, insulini, ile kemikali ya mwili inayoshughulikia sukari, inamwagika, na ile insulini inavuta fosforasi, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Damu inabaki tupu. Moyo ni msuli na kupumua ni misuli, vikikosa hayo madini vinasimama. Na haitokei siku ile ile ya shibe ili ujifunze, inatokea siku ya tatu, ya nne, ya tano, wewe umeshajisifu.

Kwahiyo siku hizi akija aliyekonda, pumba ni marufuku wiki mbili za mwanzo. Anapewa majani makavu ya kawaida, na tukipata majani ya karanga yaliyokaushwa tunachanganya, kidogo tu, kila baada ya masaa manne usiku na mchana, saa nne usiku, saa nane, saa kumi na mbili asubuhi, siku kumi mfululizo, ndio tunaanza kuongeza taratibu. Maji na jiwe la chumvi muda wote. Ndio maana mtu akija kujiunga sina fomu ndefu, nina swali moja, unaweza kuamka saa nane za usiku ukampa punda konzi mbili za majani alafu ukaondoka huku anakuangalia kama umemnyima? Wengi hawawezi. Wanaongeza kidogo kwa siri. Wanampenda, na watamuua.

Kingine ambacho punda anatofautiana hata na farasi, huyu hasemi. Farasi akiumwa tumbo anagaagaa, anajipiga mateke tumboni, kila mtu anajua. Punda anasimama tu. Kichwa kimeshuka kidogo, masikio yamelegea pembeni, kajitenga na wenzake hatua mbili tatu, basi. Na kuna hii ilituchanganya sana mwanzoni, punda mgonjwa anajifanya anakula. Anainamisha kichwa kwenye majani, mdomo unatembea, ukija baada ya saa nzima lile fungu liko vile vile. Kwahiyo hatuulizi amekula? tunapima kilichobaki. Alafu hatuamini macho, tunashika kwa mkono, shingo, bega, mbavu, uti wa mgongo, makalio, tunampa namba moja mpaka tano, moja ni mifupa mitupu, tano amenenepa kupita kiasi. Na msije mkadhani tano ni raha.

Huyu wa namba tano ndiye somo la pili. Tulimtoa kijiji kimoja cha Misungwi, mnene, shingo ina nundu ya mafuta, lakini kwato hazijakatwa miaka, zimekunja kwenda juu mpaka anatembelea visigino. Tukamchukua. Mwenzake aliyekuwa anakaa naye zizi moja tukamwacha, alikuwa mzima, tukaona wa nini. Siku tatu huyu wetu anasimama anaangalia upande wa barabara. Mdomo unatembea, majani hayapungui. Daktari akatoa damu akaiacha itulie kwenye kichupa, na kile cha juu ambacho kinatakiwa kuwa maji ya njano yanayopitisha mwanga kilikuwa cheupe kama maziwa. Mafuta. Punda mnene akigoma kula, mwili unamwaga mafuta yote kwenye damu kwa mkupuo, ini linazidiwa, na hapo una siku, huna wiki. Tukatoka usiku ule ule na kirikuu kwenda kumfuata mwenzake, tukamwomba mzee wa watu saa tano za usiku, akadhani tumelewa. Yule wa pili aliposhuka tu na kulia, huyu wetu akaitika, yaani kelele ile Usagara nzima iliamka. Dawa na sukari alipewa ndio, lakini kula alianza akiwa kamwekea mwenzake kidevu mgongoni. Tangu siku hiyo kama wapo wawili tunachukua wawili, au tunamtibia pale pale kwao. Kwato zenyewe zilinyooka baada ya miezi, maana hazikatwi zote kwa siku moja, unapunguza kidogo kila wiki sita mpaka nane.

Sasa tuje kwa wenye punda, hapa mnisikilize vizuri maana vijana wengi mnakuja mmekunja ngumi mnataka kumkamata mtu. Sheria ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kwa mtu katili kweli kweli tunaenda nayo. Ila wangapi ni wakatili? Tufanye hesabu. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80. Punda wetu wengi wa huku wana kilo 130, 150. Mgongoni anatakiwa abebe kama theluthi ya uzito wake, yaani madumu mawili na kidogo. Sasa kule ndani Magu kuna mama alituambia, nyie mnamhurumia punda, mimi nani ananihurumia? Ziwa analiona kwa macho kutoka mlangoni kwake, bomba halitoi, ana wajukuu watano, na akipeleka madumu mawili atarudia safari nne badala ya mbili. Mlitaka nimjibu nini? Mi nilikaa kimya. Mwenzetu mmoja fundi wa kushona magunia ndiye aliyeokoa mazungumzo, akachukua ile kamba ya nailoni iliyokuwa inamkata punda kifuani, akashona mkanda mpana wa turubai, ndani kazungusha kitambaa cha pamba, chini ya madumu kaweka mto wa gunia uliojazwa nyasi wenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Kazi ya mchana mmoja. Kidonda kilifunga ndani ya mwezi na punda hakuhama nyumba. Madumu yakawa matatu, sio mawili, nawaambia ukweli.

Na vidonda msivipuuze. Tetenasi kwa Kiswahili tunaiitaje? Pepopunda. Wazee hawakuota hilo jina, farasi na punda wanashikwa haraka na vijidudu vyake kuliko karibu mnyama yeyote tunayemfuga, vinaishi kwenye udongo na mavi, vinaingia kwenye kidonda kirefu cha kamba au msumari kwenye kwato. Chanjo ipo. Ukimkuta amekakamaa, mkia umenyooka, taya limefunga, umechelewa sana.

Kugawa nyumba mpya ni shughuli nyingine na tulishaaibika. Punda wa tatu alipona vizuri tukampa familia moja, tukashikana mikono, tukapiga picha (picha tena!), mwezi haujaisha namkuta Buhongwa anavuta mkokoteni wa mchanga, familia imeshamuuza. Hawakuvunja chochote, tuliwapa awe wao. Ndio tukakopa tena kwa watu wa farasi. Kule Uingereza mashirika makubwa ya kuokoa farasi hayakupi farasi awe mali yako, yanakukabidhi umtunze, akikushinda unamrudisha, ila anabaki mali ya shirika maisha yake yote. Nasi sasa tunaandikishana ofisi ya kijiji, punda anakopeshwa, hauzwi, hachinjwi, haazimishwi, na mmoja wetu anapita bila taarifa. Lazima wawe wawili, au nyumba iwe na punda tayari. Lazima kuwe na banda lenye paa, maana manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi, asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, mvua ya masika ya Mwanza inamloanisha mpaka ngozi. Kazi ndogo anaruhusiwa kufanya. Kuna wenzetu hili wanalipinga, wanataka apumzike mpaka afe, mi naona punda asiye na kazi kabisa kwa mtu asiye na hela huyo ndiye ataachwa tena pembeni ya barabara.

Kuhusu ngozi nitapita haraka. Kuna gundi inachemshwa kutoka ngozi ya punda, ejiao, China wanaitumia kama dawa, na iliponoga huku kwetu machinjio yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga na watu wakaanza kuamka zizi tupu. Punda anabeba mimba karibu miezi 12 na kuzaa mtoto mmoja, hapo hamna namna ya kufidia. Serikali yetu ilifunga hiyo biashara, Desemba 2022 nchi za Afrika zikakutana Dar es Salaam kuzungumzia punda tu, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukasimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Lakini wezi hawasomi maazimio, kwahiyo mkisikia fuso linapakia punda usiku, mwenyekiti wa kijiji kwanza, wasap baadaye.

Haya, kuna dada kule nyuma anauliza unajuaje kama amepona. Namba ya mbavu ndio, kidonda ndio, lakini mi nina kipimo changu. Punda aliyekata tamaa unamshika popote, unanyanyua mguu, unamwosha kidonda kibichi, hajali. Yule jike wa Misungwi alikuwa hivyo hivyo, wiki sita nzima tunamshika kwato kama tunashika gogo. Wiki ya saba asubuhi nimeinama na tupa yangu, akanitandika teke la paja, nilichechemea mpaka Jumapili. Asante ya punda si mnaijua. Nilikaa chini kwenye mavi nikacheka peke yangu.

Jumamosi saa moja asubuhi tuko mnadani Kisesa. Njooni na gambuti, na aliyesema ataweza saa nane za usiku aje aniachie namba yake.