Jinsi ya kusoma mpangilio wa avenyu na kuzipatia nyumba namba zinazodumu: mfano wa Lubumbashi

Jambo, wapenzi watazamaji, mlioko hapa Lubumbashi na mlioko mbali. Katika video hii nitawaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja: namna ya kusoma mpangilio wa barabara za mji pamoja na namba za nyumba zake, na namna ya kuipatia avenyu nzima namba ambazo hazitavurugika hata viwanja vikigawanywa baadaye. Tayarisha karatasi, kalamu, na ramani ya mji, iwe ya kuchapwa au ya kwenye simu. Kwa sehemu ya pili utahitaji pia utepe wa kupimia wenye urefu wa mita 50 na mtu mmoja wa kukushikia upande wa pili.

Hatua ya kwanza ni kutazama umbo. Fungua ramani katikati ya mji, pale Posta, kisha fuata kwa kidole avenyu zinazotoka hapo. Utaona kwamba nyingi zimenyooka na hukatana kwa pembe mraba, na kwamba ardhi iliyo kati yake imebaki katika vitalu vinavyofanana. Mji huu ulichorwa hivyo tangu mwanzo, mwaka 1910, chini ya Emile Wangermée, aliyeitawala Katanga kwa niaba ya Wabelgiji, wakati reli kutoka kusini ilipofika na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilikuwa kinatayarishwa. Jina lake lilikuwa Élisabethville hadi mwaka 1966. Miraba iliwafaa waliotaka kupima na kugawa viwanja kwa haraka. Iliwafaa vilevile waliotaka kuwatenganisha watu, kwa kuwa kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, ambayo leo ni Kamalondo, uliachwa ukanda mtupu usiojengwa, na alama ya utengano huo bado inasomeka katika ramani ya leo kwa mtu anayeitazama kwa makini.

Sasa sogeza ramani uelekee komine, yaani wilaya za mji huu, za Kenya, Katuba, na Ruashi. Hapo pia utakuta miraba, lakini kila komine ina miraba yake, iliyochorwa kwa wakati wake. Mistari ya komine moja haiendelei tu ndani ya nyingine, na hesabu ya nyumba nayo huanza upya. Likumbuke jambo hili, kwa sababu litatusaidia tutakapofika kwenye anwani.

Kuupanga mji kwa miraba ni kazi ya kale sana. Mohenjo-daro, katika Pakistani ya leo, ulikuwa na barabara zilizonyooka zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na Wagiriki walimsifu Hippodamus wa Miletus kwa kuigawa miji kwa mtindo huo. Mwaka 1811 tume ya New York iliichorea sehemu kubwa ya kisiwa cha Manhattan avenyu 12 na barabara 155 za kuzikata, na ikazipa namba badala ya majina, hata mgeni aliyesimama katika barabara ya 40 akawa anajua kwamba ya 45 iko mbele kwa vitalu vitano.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni kuitafuta sifuri. Namba ya nyumba haina maana yoyote mpaka ujue hesabu imeanzia wapi, inaelekea wapi, na kila upande wa barabara umepewa namba za aina gani. Mji ukiyajibu maswali hayo matatu kwa njia moja kila mahali, mgeni hufika bila kuuliza. Ukiyajibu kwa njia tofauti katika kila kona, hata mwenyeji hupotea.

Tazama Paris. Kwa agizo la mwaka 1805, mto Seine uliwekwa kuwa msingi wa hesabu. Barabara inayoukata mto au kuuacha kwa mshazari huanza kuhesabiwa kutoka upande wa mto, na barabara inayokwenda sambamba nao huhesabiwa kwa kufuata maji yanakoelekea. Ukisimama mwanzo wa barabara, namba za witiri, yaani 1, 3, 5, ziko kushoto, na za shufwa, yaani 2, 4, 6, ziko kulia. Wakati ule hata rangi ilitumika, nyekundu kwa barabara zilizo sambamba na mto na nyeusi kwa zile nyingine, ili mtu aujue mwelekeo wake kwa kutazama ukuta tu. Desturi ya kutenga witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili ndiyo tunayoikuta hata huku kwetu.

Chicago ilikwenda mbali zaidi. Mji huo ulikuwa umekua kwa kumeza miji jirani, na kila sehemu iliingia na majina yake na hesabu yake, hata barua zikawa zinapotea. Mtu aitwaye Edward Brennan, ambaye aliwahi kupeleka bidhaa za duka la baba yake kwa wateja na kukusanya madeni, aliwasumbua wakubwa wa mji kwa miaka mpaka wakakubali mpango wake, ulioanza kutumika mwaka 1909. Sifuri moja iliwekwa kwa mji wote, kwenye makutano ya barabara za State na Madison, na karibu kila maili ikapewa namba 800. Chukua kalamu tuhesabu pamoja: maili moja ni mita 1,609, kwa hiyo kila namba inawakilisha takriban mita mbili. Mtu akikuambia kwamba anakaa namba 3600 kaskazini, gawa kwa 800, upate maili nne na nusu, yaani zaidi kidogo ya kilomita saba kutoka barabara ya Madison. Umejua umbali wake kabla hujatoka nyumbani.

Bogotá, nchini Kolombia, wana njia nyingine ninayoipenda kwa usahihi wake. Anwani yao husema, kwa mfano, Calle 26, namba 13-19. Maana yake ni kwamba nyumba iko katika barabara ya 26, na ukishafika mahali inapokutana na ile ya 13, utembee takriban mita 19. Japani, kwa upande wake, sehemu kubwa ya nchi huhesabu vitalu kuliko barabara, kwa hiyo barabara nyingi hazina hata jina.

Hatua ya tatu: turudi nyumbani tusome anwani yetu. Nimeandika hapa anwani ya kubuni: namba 38, avenyu ya Miembe, kartie ya Bel-Air, komine ya Kampemba. Isome kuanzia mwisho. Tafuta kwanza komine, kisha kartie, yaani mtaa ndani ya komine, kisha avenyu, na namba iwe ya mwisho. Ukianza na jina la avenyu utapotea, kwa kuwa jina moja linaweza kupatikana katika zaidi ya komine moja, na kama tulivyoona, kila komine ina hesabu yake. Watu wengi huongeza mstari wa referansi: karibu na kanisa fulani, nyuma ya duka la dawa, mbele ya kituo cha basi. Usiudharau mstari huo, kwani mara nyingi ndio unaomfikisha dereva. Hata hivyo duka hufungwa na kituo huhamishwa, na mgonjwa anayehitaji gari saa nane za usiku hawezi kutegemea kibanda kilichobomolewa mwaka jana.

Angalia pia usichanganye namba mbili zilizo tofauti. Namba ya kadastri ni ya kiwanja chenyewe katika vitabu vya ardhi, na huandikwa katika cheti cha usajili. Namba iliyo langoni ni ya kumwongoza mtu anayetafuta nyumba. Ukimtumia mgeni namba ya kadastri, atazunguka kartie nzima bila kuiona.

Hatua ya nne ni kuipatia avenyu namba. Kazi hii haifanywi na mkazi mmoja kwa hiari yake: anza kwa shefu wa kartie, naye aijulishe komine, ili kesho asije mwingine na hesabu nyingine. Mkishakubaliana, chagueni mwanzo wa avenyu. Kanuni ninayoitetea ni hii: hesabu ianzie kwenye ncha isiyosogea, yaani pale avenyu inapotoka kwenye barabara kubwa. Avenyu nyingi za pembezoni, hasa katika komine ya Annexe, zinaendelea kurefuka. Mkianzia kwenye ncha inayokua, kila nyumba mpya itatangulia ile mliyoiita ya kwanza, na hamtakuwa na namba ya kuipa.

Simameni mwanzo huo, mgongo ukielekea barabara kubwa. Kushoto ni witiri, kulia ni shufwa. Hapa wengi huhesabu viwanja kwa zamu, 2, 4, 6, 8, na kwa mwaka wa kwanza kila kitu huonekana kizuri. Kisha mwenye namba 12 anafariki, watoto wanagawana kiwanja, na tunapata 12, 12 bis, na 12 ter. Mmoja wao anauza nusu ya sehemu yake, na mnunuzi anaandika 12/A kwa chokaa. Ndani ya muda mfupi mnakuwa na malango manne yanayogombania namba moja, na karatasi ya mwaliko au ya mahakama inamfikia asiyehusika.

Kwa maoni yangu njia inayotufaa ni kupima mita. Nyosheni utepe katikati ya barabara, mkifuata kona zake kama zipo, na mwandike umbali wa kila lango kutoka mwanzo. Tazama mchoro. Upande wa kulia lango la kwanza liko mita 18, basi ni namba 18. La pili liko mita 37, lakini 37 ni witiri, kwa hiyo tunaongeza moja, liwe 38. La tatu liko mita 61, liwe 62. Upande wa kushoto lango la mita 22 linakuwa 23, na la mita 45 linabaki 45. Sasa mwenye 38 amekata kiwanja, na lango jipya limefunguliwa mita 49 kutoka mwanzo. Namba yake ni 50, na hakuna jirani aliyebadilishiwa chochote. Isitoshe, mgeni aliyetumwa namba 210 anajua kwamba ana takriban mita 200 za kutembea.

Namba ni ya lango. Ikiwa ndani ya uzio kuna nyumba kubwa na aneksi za wapangaji, zipeni herufi: 38/A, 38/B, mkianza na iliyo karibu zaidi na lango.

Hatua ya tano ni kuandika. Pakeni namba kwenye nguzo ya ukuta, kwa sababu lango likifunguliwa huficha maandishi, na likibadilishwa huondoka nayo. Tumieni rangi ya mafuta, nyeusi juu ya nyeupe, kwa kimo cha macho ya mtu mzima au zaidi kidogo, na tarakimu ziwe kubwa za kutosha kusomwa kutoka upande wa pili wa barabara. Jina la avenyu liandikwe kwenye kila makutano, wala si mwanzo tu.

Namba ya zamani msiifute siku hiyohiyo. Iacheni chini ya ile mpya, ndogo, ikiwa imekatwa kwa mstari mmoja, mpaka kila mkazi awe amewajulisha wanaomtembelea, wanaomletea ankara za maji na umeme, na shule ya watoto. Orodha yenye namba ya zamani, namba mpya, na umbali wa mita iandikwe mara tatu: moja ibaki kwa shefu wa kartie, moja ipelekwe komine, na moja ikae kwa mkazi mliyemchagua. Kama yupo kijana anayejua kuhariri ramani huria ya OpenStreetMap, aingize humo jina la avenyu na namba za malango peke yake, bila majina ya wakazi.