Kutia rangi rezini ya printa ya 3D: matatu ndogo yenye mstari wa manjano

Habari zenu watazamaji, karibuni. Kitu tunachotengeneza leo ni hiki hapa mkononi mwangu: matatu ya urefu wa sentimita 4, mwili wa bluu, mstari wa manjano ubavuni. Hakijapakwa rangi hata kidogo. Rangi imo ndani ya rezini yenyewe, kile kimiminika kinachoganda kwa mwanga, na huo mstari umetoka na mashine. Tangu sheria za mwaka 2004 za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, matatu isiyo na mstari wa manjano si matatu, kwa hivyo hatuwezi kuuruka.

Ziko mashine ambazo zingeifanya kazi hii bila kutusumbua. Mimaki 3DUJ-553 kutoka Japani, pamoja na zile za PolyJet za Stratasys, hurusha wino kwa vitone vidogo sana, kila rangi na tundu lake, kisha taa ya miale ya urujuanimno inapita juu na kuugandisha papo hapo. Mimaki hiyo hutoa rangi zaidi ya milioni 10. Kinachonivutia zaidi ni nguzo zake, yaani vishikizo vya muda vinavyobeba sehemu zinazoanza hewani. Nazo ni wino, ila umeundwa ugande kwa unyonge na uwe na viungo vinavyopenda maji. Ukiloweka kitu chako, nguzo zinalegea na kuyeyuka zenyewe.

Mashine kama hizo hazipo kwenye vibanda vyetu vya Kariobangi, hapa Nairobi. Tulicho nacho ni printa ya mezani ya skrini, taa ya nanomita 405, rezini moja kwa wakati mmoja, na nguzo za rezini ileile ambazo maji hayazifanyi kitu. Lakini kanuni haibadiliki: wino unaganda kwa mwanga, na rangi unayotia inauzuia mwanga huohuo. Shika hilo, maana kila hatua ya leo inatoka hapo.

Vitu vya kuandaa. Rezini angavu, ile isiyo na rangi. Rangi ya kutilia rezini, iliyosagwa tayari kwenye kimiminika chake; usilete rangi ya maji wala rangi ya chakula, hazichanganyiki. Wino wa alkoholi unachanganyika, ila alkoholi yake inabaki ndani na kukilegeza kitu, mimi siupendi. Mizani midogo kama ya sonara. Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, zinapatikana kwa mafundi wa Kirinyaga Road. Alkoholi ya isopropili, uliza maduka ya kemikali ya Industrial Area. Na glavu za naitrili. Si za mpira mwembamba wa kawaida, rezini inazipenya. Rezini mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki. Fungua dirisha, watoto wakae mbali.

Tuanze kuchanganya. Nimepima gramu 200 za rezini angavu, na natia gramu 1 ya rangi ya bluu. Hiyo ni nusu asilimia. Ndio, ni kidogo, na kwenye kikombe itaonekana imepauka, lakini kitu cha unene wa milimita 16 kitaonekana kimeiva. Koroga polepole kwa dakika tatu hivi, ukikwangua chini na pembeni. Ukikoroga kwa fujo unaingiza mapovu, na kila povu ni tundu. Ukitaka rangi nzito zaidi, ongeza nusu gramu nusu gramu. Mimi sivuki asilimia 2.

Kwa nini sivuki? Mwanga kwenye rezini yenye rangi ni kama jua kwenye pazia: kadiri pazia linavyokuwa zito, ndivyo chumba kinavyobaki giza. Rezini ikiwa nzito kwa rangi, mwanga unagandisha uso tu, tabaka jipya halifikii tabaka la nyuma, na kitu kinaachana katikati. Na usidhani dawa ni kuongeza muda tu. Ukizidisha muda mara mbili, kina cha kuganda hakizidi mara mbili. Kinaongezeka kwa kiasi kidogo, na kila nyongeza inayofuata inakupa pungufu zaidi. Wakati huohuo mwanga unasambaa pembeni, madirisha ya matatu yako yanaziba.

Sasa kikombe cha pili, manjano. Gramu 200, gramu 1. Hapa macho yanadanganya watu wengi. Manjano inaonekana nyepesi, bluu inaonekana nzito, basi mtu anaipa manjano muda mfupi. Fikiria vizuri. Kitu huonekana cha manjano kwa sababu kimenyonya mwanga wa bluu na wa zambarau, na taa ya printa yetu ni ya zambarau. Manjano inaula mwanga tunaouhitaji. Kwa kawaida ndiyo itakayodai sekunde nyingi kuliko bluu. Nyeusi nayo inameza kila kitu. Nyeupe haimezi sana, inatawanya. Kina kinapungua na kingo zinakosa ukali.

Usinisadiki kwa maneno, tupime. Mimina rezini ya manjano kwenye trei ya printa, bila bamba, yaani lile linaloshuka kwenye trei na kubeba kitu kikiwa kinaning'inia. Kwenye menyu ya mashine tafuta ile kazi ya kusafisha trei, inayowasha skrini nzima. Weka sekunde 3. Ikizima, inua ukingo kwa kadi ya plastiki, si chuma, utatoboa ile nailoni ya chini. Umepata karatasi ya rezini. Ifute kwa tishu, ipime kwa kalipa. Tabaka letu ni milimita 0.05, mimi nataka karatasi isipungue 0.1, yaani mara mbili ya tabaka, ndipo niamini zitashikana. Ikipungua, ongeza nusu sekunde, pima tena. Rudia na bluu. Andika namba zote mbili.

Jambo moja la msimu. Mwezi wa Julai Nairobi kuna baridi, na rezini baridi inakuwa nzito, haitiririki kurudi chini ya bamba. Iweke chupa ikiwa imefungwa ndani ya maji ya vuguvugu kabla ya kuanza. Nyuzi 25 zinatosha kabisa.

Twende kwenye kompyuta, kwenye programu ya kukata matabaka. Kwa kawaida kitu hulazwa mshazari ili kisivutane sana na trei. Leo hapana. Matatu isimame wima kwenye magurudumu yake, kwa sababu mstari wetu lazima ulingane na matabaka. Ukiilaza mshazari, manjano itakata kuanzia bampa hadi paa. Usiitoboe ndani pia. Kwa udogo huu unaokoa rezini kidogo sana, halafu rezini mbichi inabaki imefungiwa ndani na baada ya wiki kadhaa inapasua ukuta.

Nguzo. Inua matatu milimita 5 kutoka kwenye bamba. Chini ya sakafu jaza nguzo za wastani, kwa kuwa alama zake hakuna atakayeziona. Halafu pitisha matabaka moja moja, utafute kitu chochote kinachoanza hewani: vioo vya pembeni, kingo za chini za bampa, keria ikiwa umeiweka. Kila kimoja kipe nguzo yake, ncha ya milimita 0.4. Kwa rezini angavu ningetumia 0.3, lakini rangi inapopunguza mwanga, kinachokufa kwanza ni ncha hizi nyembamba. Ukiona mashine imetoa matatu isiyo na vioo, usilaumu mchoro, angalia muda na ncha za nguzo.

Sasa hesabu ya mstari. Mstari unaanza milimita 8 juu ya chini ya matatu. Ongeza 5 za nguzo, ni 13. Gawa kwa 0.05: tabaka la 260. Mstari una milimita 2, yaani matabaka 40, kwa hivyo unaisha kwenye tabaka la 300. Hakikisha kwa macho kwenye programu, maana programu nyingine huhesabu kimo kwa namna yake.

Muda wa mwanga: mashine nyingi hukuruhusu kuubadilisha kazi ikiwa imesimama. Kama yako hairuhusu, tumia muda wa manjano kazi nzima. Bluu itapoteza ukali kidogo, si mbaya.

Bonyeza kuanza. Tabaka moja linachukua kama sekunde 8 pamoja na kupanda na kushuka, hivyo la 260 litafika baada ya dakika 35 hadi 40. Kaa karibu. Na kama mtaani kwenu stima ina tabia ya kupotea, chomeka mashine kwenye UPS, ile betri ya akiba. Baadhi ya printa hukumbuka zilipofikia, lakini tabaka lililokatizwa mara nyingi huacha mchirizi.

Namba 260 hiyo. Simamisha. Bamba linapanda, usiliguse, usililegeze skrubu yoyote. Toa trei ya bluu, ifunike isione mwanga. Sasa chukua tishu kavu, ubonyeze taratibu chini ya matatu inayoning'inia, bluu inayodondoka iishe. Tishu kavu, narudia, bila alkoholi, ili tabaka linalofuata lishike. Tone moja la bluu likiingia kwenye manjano, mstari unageuka kijani. Weka trei ya pili yenye manjano. Kama una trei moja tu, itabidi uimwage, uioshe na uikaushe kabisa. Inawezekana, ila trei ya pili ni pesa iliyotumika vizuri. Badilisha muda, endelea. Tabaka la 300, fanya vilevile kurudi kwenye bluu.

Imekwisha. Itoe matatu kwenye bamba ikiwa bado na nguzo zake. Iogeshe kwenye alkoholi chombo cha kwanza dakika 2, chombo cha pili dakika 2, basi. Ukiisahau humo inapauka na kupata ukungu mweupe. Jiko lisiwe karibu, mvuke wa alkoholi unashika moto.

Nguzo zinatolewa sasa, kabla ya kugandisha kwa mwisho, rezini ingali laini kidogo. Itumbukize kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono, dakika moja, halafu kata ncha kwa koleo ndogo. Vioo vya pembeni usivute. Kata mbali kidogo, kishina kilichobaki ukisugue na msasa.

Kugandisha kwa mwisho tunatumia jua. Nairobi iko karibu na Ikweta na juu ya mwinuko wa mita 1,700, saa sita mchana miale si ya kuchezea. Weka matatu ndani ya bilauri ya kioo yenye maji, kwa sababu maji yanaizuia hewa, na oksijeni ndiyo inayoacha uso ukinata. Dakika 10 kila upande, geuza. Siku ya mawingu tumia taa ya nanomita 405.

Alkoholi chafu usiimwage kwenye sinki, inaishia mtoni. Iache juani ndani ya chupa angavu, kifuniko kimelegezwa, mbali na moto, mpaka rezini iliyomo igande na itulie chini. Chuja, tumia tena kwa chombo cha kwanza. Machicha yaliyoganda na tishu zako ziache juani pia kabla ya kuzitupa.

Rezini iliyobaki ichuje kurudi chupani, kila rangi chupa yake, si ile chupa ya rezini angavu. Juu ya chupa andika asilimia ya rangi na sekunde ulizopima. Rangi hutuama chini, kwa hivyo siku ukiichukua tena, itikise dakika mbili nzima, na ile ya manjano uipime upya kwa kalipa kabla ya kuiamini.