Goti la Pili Liko Wapi?

Ndugu zangu, ugonjwa tunauita baridi yabisi, lakini wekeni kiganja juu ya goti lililovimba kwa ugonjwa huo: lina moto. Kiungo kikiwaka ndani, damu hujaa pale na ngozi ya juu hupata joto. Kamera ya joto inasoma joto hilo la ngozi, basi. Haioni mfupa, haioni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, haioni kano iliyochanika. Nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado naletewa picha ya goti moja.

Goti moja! La pili, la kulilinganisha nalo, liko wapi?

Alikuja mama mmoja analalamikia goti la kulia. Kijana wetu akapiga picha, skrini ikawa nyekundu kama kaa la jiko, naye akaandika palepale: uvimbe mkali. Nikainama nimkunje mguu, harufu ikanipokea. "Mama, umechua na nini?" "Dawa ya kuchua, mwanangu. Jana usiku, na leo alfajiri kabla ya kupanda daladala." Tukamwomba arudi kesho bila kupaka kitu. Akarudi, akakaa dakika 15 miguu wazi, mbali na feni na jua la dirishani. Magoti yote mawili yakasoma sawasawa. Eksirei ndiyo iliyoonyesha nafasi kati ya mifupa imebana: gegedu limelika.

Na ule wekundu, jamani, si damu. Ni rangi ya programu. Ukibana kipimo cha rangi, yaani rangi zote zigawane digrii chache tu, hata tofauti ya nusu digrii itawaka kama moto wa nyika.

Mtu ataniuliza, sasa kamera ya nini, mkono hautoshi? Mkono unatosha kushuku, ila hauachi namba. Mgonjwa akianza dawa leo, baada ya wiki sita nataka namba ya kulinganisha, goti kwa goti, chumba kilekile. Tena kamera hii haimpigi mtu mionzi, naweza kuirudia kila kliniki.

Muda unaniishia. Wenye kisukari: nyayo zikipishana joto kwa zaidi ya digrii 2.2 za Selsiasi mahali palepale, mguu upumzishwe, hata kama ngozi ni nzima; kidonda kinaweza kuwa njiani. Mguu unaobaki wa baridi na maumivu miezi baada ya kuvunjika nao uchunguzwe, msitafute moto peke yake. Na goti la moto lenye homa, mgonjwa hawezi hata kulikunja? Wekeni kamera chini. Usaha hula kiungo kwa siku chache. Avutwe maji ya goti yakapimwe, siku hiyohiyo.