Kigari cha gofu cha petroli hakiwaki? Fuata moto kabla hujanunua koili

Haya karibuni tena jamani, leo nina hiki kigari cha gofu cha petroli, cha zamani, silinda moja, kinabeba wageni na mabegi kwenye hoteli moja ya ufukweni hapahapa Bagamoyo. Hakiwaki. Ukikanyaga pedali stata inazunguka, belti inazunguka, injini kimya. Wameshaambiwa wanunue koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche ya plagi, nikawaambia subirini, koili ni hela, tufuate moto kwanza, yaani huo umeme wa cheche.

Kabla ya yote, jeki. Nyanyua tairi ZOTE MBILI za nyuma, siyo moja, tairi za mbele weka mawe. Hivi vigari siyo kama gari, pedali hiyohiyo inawasha injini na hiyohiyo inaondoa kigari. Mimi niliwahi kuinama nikabonyeza pedali kwa mkono, tairi ziko chini, kikaondoka kikanivuta mpaka kwenye mti wa mkungu, bega lilinisumbua wiki mbili. Kwa hiyo tairi juu.

Siti tunafungua, betri hii hapa. Volti 12.6, imejaa. Dogo kanyaga... inashuka kwenye 10 na kitu, safi. Ingeshuka chini ya 9 na nusu ningeanza na betri na vichwa vyake. Solenoidi nayo, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata, umesikia inapiga "ta!", kwa hiyo swichi ndogo ya kwenye pedali nayo inafanya kazi, tunapita. Ila nisisahau, solenoidi ikifa usiweke ile ya stata ya gari, hii ya kigari inashikilia muda wote mguu uko kwenye pedali, ile ya gari itaungua.

Sasa plagi. Toa, irudishe kwenye kofia yake, zile nyuzi zake za kufungia zilaze kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na kabureta, na lile tundu ziba na kitambaa maana mvuke wa petroli unatokea pale. Usiishike kwa mkono. Kanyaga... hakuna. Ngoja nizibe jua muone vizuri. Kanyaga tena... hakuna kabisa. Nimeweka plagi mpya, nafasi ya kurukia cheche milimita 0.7 hivi, bado hakuna.

Subirini kidogo, adhana, nazima simu.

Haya tunaendelea. Hapa ndipo watu wananunua koili bure. Angalieni huu waya mwembamba unaotoka kwenye koili, huu ndio wa kuzimia injini. Ukigusa bodi moto unakata, ndivyo ulivyotengenezwa, mguu ukitoka kwenye pedali unapelekwa kwenye ethi, yaani kwenye chuma cha bodi, injini inazima. Rangi zinatofautiana kigari na kigari, kwa hiyo usifuate rangi, fuata waya wenyewe kwa mkono. Sasa mahali ukichubuka ukagusa chuma, kigari kinajiona kimezimwa siku nzima.

Nauchomoa hapa kwenye koili. Dogo kanyaga... EEH! Mmeona? Rudia. Cheche ya bluu, nene, unaisikia mpaka mlio wake. Koili nzima! Hiki ndicho kitu ninachokipenda kwenye hii kazi jamani, ile ta-ta-ta ya bluu.

Sasa sikilizeni. Plagi USIIFUNGE huo waya ukiwa umechomolewa. Ukifunga plagi injini ikawaka, ukitoa mguu haizimi, funguo haizimi, ndicho kilichonipata siku ile ya mkungu, nilitoa mkono na injini bado inanguruma. Ikikutokea vuta choki, ile inayobana hewa ya kabureta, mpaka ijifie. Lakini mpangilio ni huu, waya kwanza, plagi mwisho. Narudia, waya kwanza.

Tunaufuata sasa, unapita chini ya siti, unaingia... simu imeanguka, samahani, haya. Hapa. Sogea karibu. Mnaona hiki kibati cha siti? Kimeukata ganda, kama ukucha mdogo tu, shaba imegeuka kijani. Chumvi ya bahari hiyo. Na hii soketi ukiifungua ndani ina unga wa kijani vilevile. Vigari vya ufukweni ninavyoletewa mara nyingi tatizo ni hili, waya na soketi, siyo spea.

Kata kipande kibovu, unga waya mpya, mimi napenda kulehemu kwa risasi kuliko kusokota, halafu mpira wa kuvalisha. Soketi piga msasa laini, paka mafuta ya mgando, yale ya kawaida ya kupaka mwilini, yanazuia unyevu vizuri sana. Ethi ya injini kwenye chesisi nayo fungua, piga msasa, kaza. Waya usiurudishe njia ileile, uzungushe mbali na kibati.

Waya kwenye koili, umeingia? Umeingia. Ndiyo sasa plagi. Tairi bado ziko juu? Ziko juu. Kanyaga... imewaka! Toa mguu... imezima yenyewe. Kanyaga tena... imewaka.

Waya, soketi na plagi ninazo hapa dukani Magomeni, koili pia ninazo, ila njoo nipime kwanza ndiyo nikuuzie. Dogo toa mguu, na wewe mwenye kamera toka hapo mbele, nashusha jeki.