Mweleka ni wa Watu Wawili

Asanteni. Kaeni, tafadhali. Mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo.

Wengine hapa mmeshanisikia nikiyasema haya, tena zaidi ya mara moja, tangu mwanamieleka Hulk Hogan alipofariki kule Clearwater, Florida, tarehe 24 Julai 2025, akiwa na miaka 71. Mtanivumilia. Nayarudia kwa sababu na sisi mashabiki tunarudia kosa lilelile.

Hata kabla hajazikwa tulikuwa tumeshagawanyika. Kundi moja likasema: bila huyu pasingekuwa na mieleka tunayoijua, basi yaliyopita yapite. Kundi la pili likasema: huyu alikuwa mbaguzi wa rangi, futeni jina lake. Na makundi yote mawili yameshika mizani ileile. Huku pakia mikanda ya ubingwa, kule pakia ile kanda ya maneno ya kibaguzi iliyofichuka mwaka 2015. Huku watoto wagonjwa aliowatembelea, kule uongo wake kuhusu steroidi, zile dawa za kutunisha misuli. Kisha tunakodoa macho tuone upande upi umeshuka.

Mizani hiyo ni mbovu. Nikisema hivyo watu hudhani nataka kumtetea, na wengine hudhani nataka kumzika mara ya pili. Sitaki lolote kati ya hayo. Nataka tuangalie vizuri tunapakia mali ya nani upande ule wa mema.

Twendeni Pontiac Silverdome, Michigan, tarehe 29 Machi 1987. WrestleMania ya tatu, lile tamasha kubwa la mieleka la kila mwaka. Idadi iliyotangazwa ni watu 93,173. Najua kuna wanaobisha kwamba walikuwa pungufu, na ubishi huo tuuache leo, maana unatumaliza muda kila tunapokutana. Ukumbi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wanamieleka waliletwa ulingoni kwa vigari vidogo. André the Giant, mpinzani wa Hogan siku ile, akaja juu ya kimojawapo, meneja wake Bobby Heenan pembeni yake, watu wakimzomea njia nzima.

Sasa mtazameni André siku ile. Ana miaka 40. Uzito uliotangazwa ni ratili 520, yaani kilo 236 hivi. Ugonjwa uliomfanya awe jitu, ule wa homoni ya ukuaji isiyojua kukoma, ndio huohuo unaomla mifupa. Ameshafanyiwa upasuaji wa mgongo. Chini ya vazi lake jeusi amefungwa mkanda wa kushikilia kiuno, na vazi lenyewe limechaguliwa ili mkanda usionekane. Anatembea kama mtu anayehesabu kila hatua. Pambano likianza tu, Hogan anajaribu kumbeba, anashindwa, André anamwangukia kifuani, mwamuzi anahesabu moja, mbili, na ile tatu inakosekana kwa unywele. Kwa dakika kadhaa zinazofuata André anafanya kazi polepole, anaegemea, anakumbatia, anakaba, kwa sababu hawezi zaidi ya hapo. Halafu inafika ile sekunde. Hogan anainama, anampenyeza mkono katikati ya miguu, anamnyanyua, anageuka naye, anambwaga. Mguu unashuka shingoni. Moja, mbili, tatu.

Hadi leo nikiitazama nywele zinanisimama. Sijawahi kuona haya kusema hivyo.

Lakini niulize: nani aliyefanya tendo lile? Ulimi wetu una jibu tayari. Hogan alimbeba André. Haya. Yeyote aliyewahi kujifunza mieleka, hata kwa wiki mbili, atakwambia kwamba mtu hapigwi mweleka wa namna ile bila yeye mwenyewe kukubali. Anayebebwa huruka kidogo, hujikaza mwili, humpa mwenzake uzito wake mahali ambapo mwenzake anaweza kuubeba. Jitu la kilo 236 likiamua kulegea tu, hakuna binadamu atakayeliinua. Hogan mwenyewe alisimulia miaka mingi kwamba hakuwa na hakika kama André angemruhusu, mpaka dakika yenyewe ilipofika. Na kadiri alivyosimulia, kilo za André ziliongezeka na maumivu ya mgongo wa Hogan yakaongezeka. Katika simulizi ile mgongo uliokuwa umepasuliwa kweli ulisahaulika.

Yule mgonjwa aliamua. Alikubali kulazwa chali mbele ya umati ule ili taji libaki kichwani pa mwenzake. Hakudumu hata miaka 6 baada ya hapo. Alifia Paris mwezi Januari 1993, ana miaka 46.

Rudini nyuma zaidi, tarehe 23 Januari 1984, Madison Square Garden. Hogan anamshinda Iron Sheik na kuchukua mkanda wake wa kwanza wa ubingwa wa WWF, kampuni ya mieleka ambayo leo tunaiita WWE. Sote tunasema hapo ndipo ilipozaliwa ile homa ya Hulk. Iron Sheik, yaani Hossein Khosrow Ali Vaziri, mieleka aliianzia kwao Iran, aliijua kwa undani. Alisimulia mara nyingi kwamba Verne Gagne, promota wa zamani wa Hogan, alimwahidi fedha amvunje Hogan mguu usiku ule. Kama ni kweli, angeweza. Hakumvunja. Aliipokea ile kazi ya kuchukiwa na ukumbi mzima, akalala, akahesabiwa, akaondoka bila mkanda.

Basi hapo ndipo ninapotaka tukae. Upande ule wa mizani tulioupakia mema ya Hogan, nusu ya mzigo ni ya André, ni ya Sheik, ni ya wapinzani wake Roddy Piper na Paul Orndorff waliokubali kuchukiwa, ni ya Scott Hall na Kevin Nash waliosimama naye kule Daytona Beach mwaka 1996 Hogan alipogeuka kuwa adui wa mashabiki. Tunachukua jasho la watu wengi na kulitumia kulipa deni la mtu mmoja. Kwa idhini ya nani? André alitoa mgongo wake ili watu wafurahi. Hakuutoa ili miaka 28 baadaye maneno ya kibaguzi yapate fidia.

Naona vichwa vinatikiswa upande ule. Najua mnachotaka kusema: “Mwalimu, basi unasema tufute.” Hapana! Na hapa ndipo ninapokosana na kundi la pili, maana nao wamefanya kosa hilohilo kwa kuligeuza. Wanaotaka kuchoma kanda zote nao wanaamini kwamba mapambano yale yalikuwa mali ya Hogan, kwa hiyo aondoke nayo.

Tunaye mfano mchungu. Mwanamieleka Chris Benoit, Juni 2007, alimuua mkewe Nancy na mtoto wao Daniel, kisha akajiua. WWE ilirusha kipindi kizima cha kumuenzi kabla ukweli haujajulikana, na ukweli ulipofika ikanyamaza kabisa. Hapa hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeleta mizani, na mimi siileti. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umeharibika vibaya kwa vipigo vya miaka mingi, na hilo ni la madaktari kulieleza, halirudishi uhai wa mtoto. Lakini kumbukeni WrestleMania ya ishirini, Machi 2004, inavyomalizika. Vipande vya karatasi vinamwagika kutoka juu, mwanamieleka mwenzake Eddie Guerrero anaingia ulingoni na mkanda wake, yeye na Benoit wanakumbatiana wakilia. Eddie alifariki mwaka uliofuata, mwezi Novemba. Ule ulikuwa usiku wake pia. Siwezi kuutazama tena kwa raha. Wala sitaki mtu aniambie kwamba Eddie hakuwepo.

Kwa hiyo tuuite ulingo kwa jina lake, na uovu kwa jina lake, kila kimoja mahali pake, kimoja kisimlipie mwenzake.

Sasa ile kanda. Mnaijua, sitairudia yote. Alirekodiwa bila kujua, akimzungumzia kijana mweusi aliyekuwa na uhusiano na binti yake, akitumia lile neno la kuwatukana watu weusi, akisema kwa kinywa chake kwamba yeye ni mbaguzi kwa kiasi fulani. Maneno yalipochapishwa, WWE ilivunja mkataba wake tarehe 24 Julai 2015 na kumwondoa kwenye orodha ya magwiji. Alifariki miaka 10 baadaye, tarehe ileile. Mwaka 2018 walimrudisha.

Kila nikifika hapa kuna anayesema: “Lakini yalikuwa mazungumzo ya chumbani, nani asiye na ya chumbani?” Kurekodiwa kwa siri ni dhuluma, na mahakama ya Florida ilimpa haki yake dhidi ya Gawker, mtandao uliochapisha video yake ya chumbani, mwaka 2016, dola milioni 140 kwa hesabu ya baraza la wazee wa mahakama, kabla hawajapatana kwa milioni 31. Nakubali kabisa. Ila dhuluma aliyotendewa haigeuzi alichosema. Aliyesikia mlangoni kakosa, na aliyetamka katamka.

Mwingine atasema: “Aliomba radhi, mnataka nini tena?” Ndugu yangu, radhi aliombwa nani? Wewe na mimi tuliokuwa tumekaa mbele ya televisheni? Julai 2018 aliitwa nyuma ya jukwaa kule Pittsburgh azungumze na wanamieleka, na weusi wakiwemo. Baada ya hapo Titus O'Neil, mmoja wa wanamieleka weusi, akatoa tamko lake hadharani. Hakutukana. Alisema hakuona majuto ya kweli wala nia ya kubadilika, na kwamba ile hoja ya kutojua kama anarekodiwa haikumsaidia yeye msikilizaji. Kofi Kingston, Big E na Xavier Woods, weusi wenzake, nao wakasema hawana furaha wala hasira kwa kurudishwa kwake, wao wataendelea na kazi zao. Hao ndio wanaodai. Na sisi, ambao hatudai kitu, tumekuwa wepesi mno wa kulifuta. Samahani, nimepandisha sauti. Jambo hili linaniuma, maana kwa kila shabiki anayesema “mimi nimemsamehe”, kuna mtu aliyetukanwa hajaulizwa bado.

Tarehe 6 Januari 2025 aliingia Intuit Dome pale Inglewood, Raw, kipindi cha kila wiki cha WWE, ikianza kuonyeshwa Netflix, na ukumbi ukamzomea. Wapo waliosema ni utovu wa adabu kwa mzee. Mimi nilisikia watu wakijibu. Miaka 40 alikuwa akiweka mkono sikioni awasikie mashabiki wanasemaje. Siku ile walimwambia.

Muda. Naambiwa dakika tano. Nilikuwa na hoja kuhusu mtu na mhusika, nitaikata. Kwa ufupi: wanaosema “aliyekosa ni Terry Bollea”, maana hilo ndilo jina lake halisi, “Hulk Hogan hana hatia”, mjue naye aliutumia mgawanyo huohuo kizimbani, kwamba majigambo ya redioni ni ya Hulk wala si ya Terry. Lakini aliyewaambia watoto wafanye mazoezi, wasali na wale vitamini alikuwa Hulk, na aliyekiri mbele ya mahakama mwaka 1994 kwamba alitumia steroidi miaka mingi, baada ya kukana kwenye televisheni mwaka 1991, alikuwa mwenye mwili uleule. Watoto waliuona mwili mmoja tu.

Jimmy Snuka na Fabulous Moolah, wanamieleka wengine wenye tuhuma nzito, nawaruka, tutawachukua siku nyingine. Moolah hasa nataka tumpe jioni nzima, kwa sababu pale mashabiki walipaza sauti na pambano la WrestleMania ya mwaka 2018 lililopewa jina lake likabadilishwa jina ndani ya siku chache tu.

La mwisho, na nasikitika nimelibana hivi, kwa sababu kwangu ndilo zito kuliko yote na ndilo tunalolizungumza kidogo kuliko yote. Chama cha wafanyakazi. Mwaka 1986, karibu na WrestleMania ya pili, mwanamieleka Jesse Ventura aliwaambia wenzake chumbani mwao kwamba huu ndio wakati wa kuungana. Amesimulia hadharani kwamba baadaye, katika kesi yake ya kudai malipo ya kanda za video, ndipo Vince McMahon, aliyekuwa mwenye kampuni, alipohojiwa chini ya kiapo nani aliyempelekea habari ile, na jibu likawa Hogan. Kikulacho ki nguoni mwako. Chama hakikuundwa hadi leo. Wanamieleka wa WWE bado wanahesabiwa kama wakandarasi wanaojitegemea. Majeraha ya migongo, nyonga, magoti, mengi ya hayo wameyabeba wenyewe, wakiwemo waliolala chali ili yeye asimame. Na msiniambie kwamba kizazi chake kilikuwa hivyo. Ventura na yeye wamepishana miaka miwili tu kuzaliwa, wakakaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Kengele hiyo nimeisikia, nashuka. Kuna dada pale mstari wa pili ameinua mkono tangu nilipomtaja Ventura. Mpeni kipaza sauti. Karibu, dada, uliza.