Punguza Bili ya Intaneti ya Kupiga Simu: Kazi Kwanza, Laini Baadaye

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo nazungumza na wewe ambaye intaneti yako bado inapita kwenye simu ya mezani, modemu, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, inapiga namba na dakika zinaanza kuhesabiwa. Kama bili ya mwezi uliopita ilikushtua, kaa hapa tuishughulikie pamoja.

Kabla hatujagusa kitu, shika neno hili: hulipii ulichopakua, unalipia muda ambao laini imeshikwa. Ukisoma barua, dakika inakwenda. Ukiinuka kumfungulia mgeni mlango, dakika inakwenda. Na kwa watu wengi, muda mwingi wakiwa mtandaoni hakuna kinachopita kwenye waya hata kidogo.

Hatua ya kwanza, kagua namba. Fungua mipangilio ya muunganisho, kama ninavyofanya hapa, usome namba ambayo modemu inaipiga. Hakikisha inatozwa kama simu ya karibu. Kama hujui, iulize kampuni yako ya simu. Halafu iandike kwenye karatasi uibandike pembeni ya skrini. Sikuambii hivi bure: zipo programu hasidi zinazoingia kwenye kompyuta na kubadilisha namba hiyo kimyakimya, zikaweka ya nchi ya mbali au ya tozo maalumu. Ukiona namba kwenye skrini hailingani na ya kwenye karatasi, chomoa waya wa simu hapo hapo, kisha ndiyo uanze kuisafisha kompyuta.

Hatua ya pili ndiyo yenye pesa, kwa hiyo twende taratibu. Nina barua pepe tatu za kujibu. Angalia kona ya skrini: laini imefungwa. Nafungua programu ya barua, naandika ya kwanza, nairekebisha, naiweka kwenye kikasha cha kutoka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ni ndefu, na sina haraka nayo, kwa sababu hakuna saa inayonihesabia. Zote tatu zikiwa tayari, sasa napiga. Sikiliza hiyo milio: ni modemu mbili zinasalimiana na kukubaliana kasi, kazi inayochukua karibu nusu dakika. Zimeelewana. Nabofya kutuma na kupokea, barua zangu zinatoka, mpya zinaingia, nakata. Ulizoletewa utazisoma kwa utulivu, laini ikiwa imefungwa.

Kurasa za wavuti nazo ni hivyo hivyo. Fungua kurasa tano au sita, kila moja kwenye dirisha lake, subiri zimalizike kushuka, kata, ndipo usome. Ila usipige na kukata kwa kila kijambo. Kampuni nyingine hutoza ada ya kuanzisha simu, nyingine huhesabu sekunde chache kama dakika nzima. Kusanya kazi, upige mara moja.

Hatua ya tatu, weka mtego wa kukata. Kwenye mipangilio ile ile kuna sehemu ya kukata simu laini isipotumika. Mimi naweka dakika tano. Lakini mtego huu una tundu, nami niliwahi kuanguka humo. Niliuweka vizuri, nikaenda kulala nikiamini laini itajifunga. Asubuhi nikaikuta wazi. Programu yangu ya barua ilikuwa inaangalia barua mpya kila baada ya dakika kumi, na mtego nilikuwa nimeuweka kwenye dakika ishirini. Kila ilipoangalia, hesabu ya mtego ilianza upya. Bili ile iliniuma sana. Kwa hiyo zima ukaguzi wa barua wa kujiendesha, zima na masasisho ya kujiendesha, na uondoe ruhusa ya programu kupiga simu zenyewe. Anayepiga awe wewe.

Hatua ya nne, punguza mzigo. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kwenye laini za kawaida, hukuletea kama kilobaiti tano kila sekunde, maana baiti moja ni biti nane. Piga hesabu: picha ya megabaiti mbili inakula karibu dakika saba, wakati barua ya maneno matupu inapita ndani ya sekunde moja au mbili. Zima picha kwenye kivinjari. Kwenye programu ya barua, chagua kuleta vichwa vya barua kwanza, yaani jina la mtumaji na mada tu, uamue mwenyewe kiambatisho kipi kinastahili dakika zako.

Kama kampuni yako ina punguzo la usiku au wikiendi, faili kubwa zisubiri saa hizo. Tumia programu ya kupakua inayoweza kuendelea ilipoishia, maana laini ikikatika kwenye asilimia tisini bila hiyo, unaanza upya na unalipa upya. Na ili isikatike ovyo, tumia waya mfupi kati ya modemu na ukuta, na uzime huduma ya simu inayosubiri, ile inayokujulisha kwa mlio kwamba mtu mwingine anakupigia laini ikiwa inatumika. Ule mlio wake unatosha kuiangusha modemu.

Mwisho kabisa, ukishakata, usiiamini skrini peke yake. Inua mkono wa simu usikilize. Ukisikia mlio wa kawaida wa kupigia, laini imefungwa. Ukisikia mvumo na mikwaruzo, bado unalipa, chomoa waya.